Ufunguo Mfukoni

Wimbo ulitoka siku ya Ijumaa baada ya swala, kwa sababu Najib alikataa katakata kuipigia dunia kelele kabla hajasali. Akishasali, alisema, dunia ijitafutie pamba za masikio.

Walikuwa watatu, na bendi yao iliitwa Matope. Najib alipiga besi, na stoo walimofanyia mazoezi ilikuwa ya mamake, Bi Kafia, nyuma ya duka, katikati ya magunia ya sukari na chumvi ya mifugo. Mahadi alipiga ngoma. Kaingu, kijana wa Kigiriama mwenye nywele za kusokota na shati lisilojua pasi, alipiga gitaa na kuimba, ikiwa kupayuka kule nako kunaitwa kuimba. Muziki wao ulikuwa roki. Garsen nzima haikuwa na bendi nyingine ya roki, na wako walioona hata hiyo moja imezidi.

Hawakuwa na kampuni wala bosi. Nyimbo walizokuwa wametoa mpaka hapo zilikuwa za adabu: za amani kati ya mfugaji na mkulima, za kunawa mikono, za kupeleka mtoto shule. Mashirika yaliwaita kwenye mikutano, wakaimba kwa upole mbele ya viti vya plastiki, wakapewa soda na fulana. Lakini kila wakitoka huko walijifungia stoo wakapiga zile nyingine, zenye fujo na matusi na hasira, wakazirekodi kwenye laptopu ya Mahadi, iliyolala uvunguni mwa kitanda chake. Ndiyo maana mkusanyo wenyewe waliuita Za Uvunguni. Mwaka huu mashirika yalifunga virago yakaenda zake, na hakukuwa tena na mtu wa kumwonea haya.

"Buda, hizi zingine ni sawa tu," Najib alisema, kidole kikiwa juu ya kitufe. "Lakini hii ya 'Mfukoni', wallahi, hii itatoboa."

"Mamako ameisikia?" Mahadi alimuuliza Kaingu.

"Mama hasikilizi roki."

Mahadi alimtazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno. Najib akabonyeza.

*

Jumwa, mamake Kaingu, alikuwa stendi akiepua mahamri. Kibanda chake kilipakana na cha muuza chaji na kava za simu, na jirani huyo alikuwa na spika kubwa kuliko biashara yake. Ilipiga kutwa, na Jumwa alishazoea kutoisikia.

Jumamosi hiyo aliisikia. Ilianza sauti ya mwanamke, peke yake, bila ala, sauti iliyokauka kwa kulia. Iliimba Kigiriama. Jumwa aliinua kichwa akatazama huku na huku amwone huyo aliyefiwa. Halafu akajitambua. Alikuwa ni yeye.

Sauti haikumaliza hata ubeti mmoja. Gitaa liliingia kama bati linalong'olewa na upepo, ngoma zikafuata, na mwanawe akaanza kupayuka kwa Kiswahili, asibaki mtu ambaye hajaelewa:

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni!"

"Wafungua milango mingapi?"

"Mtaa mzima!"

"Na wa nyumbani je, mwenyewe?"

"Subiri kidogo! Subiri kidogo!"

Vijana wa bodaboda walikuwa wameshaukariri. Mmoja wao alisimama juu ya pikipiki yake, akainua ufunguo hewani, na kwa kiuno akafanya jambo ambalo halifai kuandikwa. "Mekaingu!" alimwita Jumwa kwa jina la mwanawe. "Huyu kijana wako ni noma! Umesikia? Ufunguo!" Wenzake wakaangua kicheko. Kwao ulikuwa wimbo mchafu tu, na mchafu mtamu.

Mahamri yaliungua. Jumwa aliyaacha yakiungua, akavua leso ya kiunoni, akamwachia jirani kibanda, akaenda nyumbani kwa miguu kwa njia ya nyuma, asionane na mtu.

Wimbo ule alikuwa ameuimba mara moja tu maishani, kwenye hanga la mdogo wake. Hanga ndiyo matanga ya Wagiriama. Mdogo wake aliitwa Pekeshe, na alishikwa na uchungu wa kuzaa kule shambani, nyuma ya Idsowe, mwaka ambao mvua iliikata barabara na gari haliingii. Chombo pekee kilichoweza kupita ni pikipiki ya mumewe, Kalama. Pikipiki ilikuwa uani. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kalama, na Kalama alikuwa mangweni, kunakouzwa pombe, akinywa mnazi. Akatumiwa mtu. Akasema, subiri kidogo. Akatumiwa wa pili, akasema subiri kidogo, nyinyi wanawake mna haraka. Alipofika nyumbani, Pekeshe alikuwa ameshanyamaza, na mtoto naye tumboni. Hakuna aliyemshtaki Kalama. Nani angemshtaki, na kwa kosa gani?

Kulikuwa na hanga tu. Huko wanawake wa upande wa marehemu wana ruhusa ya kuimba wapendavyo, kwa matusi ya nguoni, na kumtaja yeyote, awe shemeji au mkwe. Anayetajwa hucheka, au huinamisha kichwa akanyamaza, kwa sababu kukasirika pale ndiyo aibu yenyewe. Hanga likiisha watu hunyoa nywele, ua hufagiliwa, na maneno yale hubaki palepale. Kesho yake mwimbaji na mwimbwa hukutana njiani wakajuliana hali. Jumwa aliimba ule ufunguo unaojua kila mlango isipokuwa wa kwao mpaka sauti ikamkatika, na Kalama aliketi kwenye kigoda akaupokea wote. Pekeshe hakupata mahakama nyingine.

Kaingu alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, ameshika simu kumulikia wapishi. Akabonyeza pa kurekodi. Kadi ile aliihifadhi ndani ya kopo la mafuta ya nywele, hakumwambia mtu.

Na hanga lilipokwisha, Kalama alimshika mkono bintiye Zipporah, aliyekuwa bado anajikojolea, akamkabidhi Jumwa. "Nilelee," alisema, basi. Mahari ya Pekeshe alikuwa amemaliza kuilipa, kwa hiyo kwa mila mtoto alikuwa wake, na siku yoyote angeweza kuja kumchukua. Jumwa aliishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi kwenye nyumba ya kupanga. Alipaka rangi, akapanda maua, akasahau.

*

Kaingu alimkuta mamake amekaa mlangoni, mikono mitupu. Hiyo peke yake ilimtisha, kwa maana Jumwa hakuwa mwanamke wa mikono mitupu.

"Mayo, mbona umefunga mapema?"

"Nani alikupa sauti yangu?"

Kaingu aliketi kwenye ngazi. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri, ya sanaa na haki, na yote yakamtoka. "Nilikurekodi siku ile. Ndiyo sauti bora zaidi nimewahi kusikia, Mayo. Sisi watatu tukipiga kelele mwaka mzima hatufiki pale."

"Sikukuuliza kama ni nzuri."

"Na ni ya kweli. Alimuacha mama mdogo akafa. Hakuna mtu amewahi kusema."

"Nilisema mimi!" Jumwa alisimama. "Nilisema mbele yake, ameketi, ananitazama! Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unashika simu! Nilimaliza, nikanyoa, nikanawa. Maneno ya hanga hayabebwi kwenda nyumbani, Kaingu. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua. Wewe umeyabeba, umeyatia gitaa, umeyapeleka stendi watu wakatikie viuno juu ya dada yangu."

"Sikutaja jina."

"Kuna mtu wa Idsowe asiyemjua huyo wa subiri kidogo?"

Dzombo, babake Kaingu, alikuwa kando anatia mpini jembe, na mpaka hapo hakuwa amesema kitu. Alikuwa mtu wa kusema mwisho, na mara nyingi mwisho wenyewe ulikuwa umeshapita. "Kalama atakuja," alisema. "Na hatakuja kwa ajili ya wimbo."

Wote watatu waligeuka kutazama uani. Zipporah alikuwa amerudi kutoka kisimani na alikuwa anaweka ndoo chini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, miguu mirefu, na meno ya mbele yenye mwanya kama ya Pekeshe. Alimwona Kaingu akatabasamu, akafungua viganja viwili hewani.

"Ufunguo uko wapi?" aliuliza, na kwa furaha kubwa akajijibu mwenyewe. "Mfukoni!"

*

Jumapili kanisani, Lydia, kiongozi wa kwaya, alimvuta Jumwa pembeni kabla ya ibada. Lydia alikuwa na sauti nyembamba na moyo mwembamba vilevile.

"Dada, leo ungekaa huku nyuma tu na waumini. Si mimi. Wazee wameuliza."

"Wameuliza nini?"

"Wimbo ule una matusi. Na sauti ni yako, watu wanakujua."

"Lydia, ulikuwepo kwenye hanga lile. Ulikuwa unaitikia nyuma yangu."

Lydia alitazama viatu vyake. "Huko kulikuwa huko," alisema. "Hapa ni hapa. Na joho la kwaya ukilirudisha limefuliwa tutashukuru."

Jumwa alikaa benchi la nyuma, karibu na mama wenye watoto wa kulia. Kwaya iliimba bila sauti yake, na kila mtu alisikia pengo lilipo. Alijisemea kwamba haya ni madogo. Joho ni kitambaa. Akaomba jambo moja tu, tena bila mapambo: Kalama asiwe na simu yenye intaneti.

Kalama hakuhitaji simu. Miaka hii alikuwa mtu wa heshima kule kwao. Mnazi aliuacha wiki ileile ya mazishi na hakuurudia, sifa ambayo hata Jumwa hakuwahi kumnyima. Alioa tena, akaoa mwanamke wa kanisani aitwaye Christine, na wanakijiji wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Sasa alipita barabarani na vijana walitikisa funguo. Aliitisha mkutano wa bomba lililovunjika, na alipowaambia watu wangoje kidogo fundi anakuja, mkutano mzima ulilipuka kwa kicheko, na mwingine nyuma akaitikia, "Subiri kidogo! Subiri kidogo!" Kalama alikunja karatasi zake akaenda nyumbani.

Shuleni nako habari ilifika. Zipporah alikuwa bingwa wa wimbo ule, aliwafundisha wenzake mpaka mkao wa mikono, hadi msichana mmoja wa Idsowe, Stacy, alipochoka na ubingwa wake.

"Wewe unaimba tu, hujui hiyo ni ya nani."

"Ni ya kaka Kaingu."

"Ni ya babako. Babako ndiye alikaa na ufunguo, mamako akafa. Nyanya alituambia."

Zipporah alirudi nyumbani akiwa mkavu. Hakulia. Alikula ugali wake, akaosha sahani, kisha akaenda kusimama mbele ya Jumwa aliyekuwa anakanda unga wa kesho.

"Mama. Ni kweli Baba alimuua mamangu?"

Mikono ya Jumwa ilisimama ndani ya unga. Kwa miaka yote alikuwa amemwambia kwamba mamake aliugua, Mungu akamchukua. "Nani amekwambia?"

"Wewe. Kwenye wimbo."

Jumwa alimvuta mtoto kwa kiwiko, asimpake unga, akamkumbatia hivyo. Zipporah alikubali kukumbatiwa, lakini hakujibana kwake kama alivyozoea.

*

"Tuuondoe," Kaingu aliwaambia wenzake.

"Tuuondoe wapi?" Najib aliuliza. "Umewahi kuona watu wanatupenda? Hola wanaucheza. Malindi wanaucheza. Jana dereva wa lori la ng'ombe amenipa mkono, ananiambia asante. Nyimbo za amani tuliimba mpaka nikachukia amani, nani alitupa mkono?"

"Ni mamangu, Najib."

"Sasa ndiyo unakumbuka ni mamako?"

Bi Kafia alikuwa ameingia kuchukua kilo ya chumvi, na alikuwa amesikia yote. Alikuwa mama wa Kisomali mwenye maneno machache na mkono mzito wa kupimia. "Najib," alisema, "kama mimi nikililia marehemu ndani ya nyumba yangu, wewe ukaenda ukauza kilio changu sokoni, ningekufukuza na hilo besi lako. Uondoeni."

Wakauondoa. Mahadi alifuta mwenyewe, jina na picha na kila kitu. Halafu walitoka nje ya duka, na tuktuk ikapita mbele yao ikipiga "Mfukoni" kwa sauti ya juu kabisa, dereva akiwapungia mkono kama mashujaa.

*

Kalama alikuja Jumatano asubuhi. Alikuja na kaka yake mkubwa, Zachary, mtu wa kusuluhisha mambo ya wengine na kula kuku wao. Alisimamisha pikipiki uani, si ile ya zamani, ile aliiuza, akakaribishwa kiti. Alikuwa amevaa koti. Alikuwa amekonda usoni tangu Jumwa amwone mara ya mwisho, na Jumwa, aliyekuwa amejiandaa kumchukia, akaona inamwia vigumu.

Walijuliana hali kirefu. Mvua, mahindi, viboko walioharibu mashamba. Zachary ndiye aliyekohoa.

"Shemeji, mdogo wangu hana maneno mengi. Amekuja kumchukua mtoto."

"Kwa nini?" Jumwa aliuliza, ingawa alijua.

Kalama alisema mwenyewe, akitazama chini. "Nimeacha mnazi, Mekaingu. Miaka minane sijaonja. Kila siku naamka na jambo lile, hujui, na hakuna anayejua. Nilikaa kwenye hanga ukaniimba. Nilikasirika? Niliinuka?"

"Hukuinuka."

"Nilikubali kwa sababu ni hanga. Nilijua kesho litaisha. Sasa haliishi. Watoto wananiimbia, mke wangu anaimbiwa sokoni. Na binti yangu analelewa kwenye nyumba ambayo wimbo huo ndio unatoka. Nimuache hapa afundishwe nini?"

Kaingu alitoka ndani. Alipiga magoti mbele ya Kalama, kijana mrefu vile, nywele zikimwangukia usoni. "Baba mdogo, kosa ni langu peke yangu. Mama hakujua. Wimbo tumeufuta."

"Umeufuta," Kalama alisema. Alitoa simu yake ndogo ya batani, ya kadi, iliyojaa vumbi la shamba. "Mtoto wa jirani amenitilia hapa. Nisikie vizuri, anasema. Ufute na huu."

Hakuna aliyecheka. Dzombo alimwashiria mkewe, wakaenda nyuma ya nyumba wakaongea. Walirudi, Dzombo akauliza lile ambalo mtu wa kusema mwisho huuliza: kama kuna njia yoyote mtoto asiondoke.

Zachary alikuwa nayo tayari, kwa maana walikuwa wameipanga njiani. Sauti iliyomharibia mdogo wake jina ni ya Jumwa. Sauti hiyohiyo imsafishe. Aseme kwenye simu kwamba yale yalikuwa matusi ya hanga, hayakuwa kweli. Irushwe, watu wasikie. Mtoto awepo, asikie kwa masikio yake. Akishasema, Zipporah abaki anapokaa, asome, na hakuna atakayeuliza tena.

"Niseme ni uongo," Jumwa alisema.

"Useme ilikuwa ni matanga."

"Hapana. Mnataka niseme ni uongo."

Kalama hakumtazama. "Useme pikipiki haikuwa na mafuta," alisema polepole. "Watu wataelewa hilo."

Jumwa alimtazama mtu huyu. Aliona kwamba Kalama alishajiambia jambo hilo mara nyingi, usiku kwa mchana, na karibu aliamini. Ndani ya kifua chake kitu kilimuuma kweli, kwa ajili ya Pekeshe, aliyekufa akisikiliza pikipiki isiyolia. Halafu alifikiria kitanda cha Zipporah kikiwa kitupu. Marehemu alikuwa ameshamkosa, huyu aliye hai alikuwa bado naye. Akafunga leso.

"Kaingu," alisema. "Leta simu yako. Ndiyo inayorekodi vizuri."

*

Walimketisha Zipporah kwenye kigoda, katikati ya babake na Dzombo. Alikuwa na sare za shule. Kaingu alishika simu mbele ya mdomo wa mamake, kwa mkono uleule ulioshika simu siku ya hanga.

"Mimi naitwa Jumwa," alianza. "Maneno niliyoimba kwenye matanga ya marehemu dada yangu Pekeshe hayakuwa ya kweli. Yalikuwa ya uchungu tu. Shemeji yangu Kalama hakukataa kumpeleka hospitali. Pikipiki haikuwa na—"

Bodaboda ilipita barabarani ikipiga honi. Kaingu alisikiliza alichorekodi, akafumba macho.

"Mayo, honi imeingia. Neno la mafuta halisikiki."

"Basi litaeleweka," Jumwa alisema.

"Hilo ndilo neno lenyewe, shemeji," Zachary alisema kwa upole. "Rudia kidogo."

Akarudia. Mara ya pili alisema vizuri zaidi, bila kukwama, kwa sauti safi ya kwaya. Alisema jina lake, alisema uongo, alisema mafuta. Alipomaliza Kalama alikuwa analia, machozi bila sauti, akijipangusa kwa mkono wa koti. "Asante, Mekaingu," alisema. "Mungu akuweke." Na alimaanisha kwa moyo wote, hilo ndilo lililomshinda Jumwa, akaingia jikoni kabla hajamtukana.

Kuku alichinjwa. Zachary alikula paja. Zipporah alileta maji ya kunawa, akamnawisha babake taratibu, kidole kwa kidole, akimwangalia usoni kama mtu aliyekutana naye leo. Kalama alimuuliza masomo. Alimjibu yote. Alimwonyesha daftari la hesabu. Jumwa alichungulia kutoka jikoni akaona na akafurahi, kwa maana mtoto alikuwa wa kubaki, na mtoto wa kubaki anaweza kucheka na babake bila kumuumiza mtu.

Wageni waliaga. Zachary alishapanda nyuma ya pikipiki, na Kalama alikuwa amewasha, Zipporah alipotoka ndani mbio. Alikuwa amebeba begi lake la shule, limefumka zipu, nguo zikichungulia.

"Baba! Subiri kidogo!"

Kila mtu uani alilisikia neno lile. Zipporah mwenyewe hakulisikia.

"Unakwenda wapi?" Jumwa aliuliza.

"Kwa Baba." Alisema bila hasira, kama anayejibu swali la darasani. "Kumbe hakufanya. Kumbe mafuta yalikuwa yameisha. Na watu wote wanamcheka, na mimi nilikuwa namcheka pia. Nataka nikae naye."

"Zippo, mwanangu. Njoo ndani kidogo. Lile nililosema..."

Jumwa alikwama hapo. Kaingu alikuwa bado na simu mkononi, sauti ikiwa imeshatumwa. Dzombo alitazama jembe. Kalama, juu ya pikipiki, alikuwa amegeuka kumtazama, uso mweupe kama majivu, akingoja asikie atamaliza vipi. Angemaliza kwa kweli, mtoto angepelekwa kwa nguvu. Angemaliza kwa uongo, mtoto angekwenda kwa hiari.

"Lile ulilosema umelisema mara mbili," Zipporah alimkumbusha. "Ulinitungia wimbo wa uongo juu ya mamangu." Alitazama begi, akakumbuka jambo. Tangu aletwe hapa alikuwa akimwita Jumwa Mama.

"Mama mkubwa," alisema, "viatu vyangu vya kanisani viko wapi?"

Jumwa alimwonyesha kwa kidole. Mtoto akarudi ndani kuvitafuta, wakamsikia akisukuma sanduku, akivuta kitanda.

Zachary aliteremka apishe nafasi. Kalama aliizima pikipiki, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akasubiri.